SOMO LA NYUMBANI: KUOKA BISKUTI ZA KRISMASI PAMOJA NA WATOTO



Siku za Majilio nyumba zetu hujaa kazi. Mvua zimeanza, mahindi yapandwa, nguo za sikukuu zatakiwa kufuliwa, na wageni waweza kuingia wakati wowote. Siku ya mkesha mama yuko jikoni tangu alfajiri, na mtoto akichungulia mlangoni huambiwa, “Toka hapa, utaungua!” Maneno hayo hutoka katika upendo, maana moto hauna rafiki. Lakini mtoto afukuzwaye jikoni kila sikukuu huzoea jambo moja: kupokea. Huletewa sahani, hula, hunawa, hukimbilia mchezo. Hajapata nafasi ya kutengeneza kitu kwa mikono yake na kumpelekea mtu mwingine.

Katika somo hili tutajifunza kazi moja ndogo ambayo mtoto aweza kuifanya karibu yote, akisimamiwa na mkubwa: kuoka biskuti za sukari. Ni chakula cha haraka, hakihitaji hamira wala kungoja unga uumuke, na vitu vyake vyapatikana dukani Kitai, Mbinga au Songea. Jiko la umeme si lazima. Sufuria, mchanga na makaa vyatosha.

Hatusemi kwamba Krismasi haikamiliki bila biskuti. Sikukuu huangukia wakati ambao ghala zimeanza kupungua na fedha zatakiwa kwa mbegu na mbolea. Mtu asikope kwa ajili ya biskuti. Nyumba isiyo na uwezo wa kununua kiasi tutakachotaja inunue nusu yake, au nyumba mbili ziungane.

1. BISKUTI ZIMETOKA WAPI

Neno biskuti tumelipokea kutoka kwa Waingereza. Nao walilipata kwa Wafaransa, na asili yake ni Kilatini, maana yake “kilichopikwa mara mbili”. Zamani mikate ya mabaharia na askari ilikaushwa tena baada ya kuokwa ili isioze safarini. Biskuti za leo huokwa mara moja tu, lakini jina limebaki.

Desturi ya kuoka biskuti kwa ajili ya Krismasi ina nguvu sana katika nchi za Ulaya ya kaskazini, hasa Ujerumani. Huko Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, kuna mji uitwao Nazareth ulioanzishwa na Wakristo wa Moravian mwaka 1740, na watu wa huko husema kwamba biskuti ya sukari ya Kimarekani ilianzia kwao. Hao Wamoravian si wageni kwetu. Wamisionari wao walifika Rungwe, kaskazini ya Ziwa Nyasa, mwaka 1891.

Lakini tusidhani kwamba biskuti za sikukuu ni mambo ya Wazungu peke yao. Ndugu zetu wa Unguja, Pemba, Mafia na Lamu wana vileja, yaani biskuti za unga wa mchele, samli, sukari na iliki. Na wanawake wa pwani wamezioka miaka mingi bila jiko la Kizungu, kwa kupalia makaa juu ya mfuniko. Njia hiyo ndiyo tutakayoitumia. Tena, katika miji yetu mingi Mwislamu hupeleka sahani kwa jirani Mkristo siku ya Idi, na Mkristo hurudisha sahani siku ya Krismasi. Mtoto aliyeoka biskuti zake ana kitu cha kuweka juu ya sahani hiyo.

2. VITU VINAVYOTAKIWA

Kiasi hiki ni rahisi kukumbuka: nusu, robo, robo.

Unga wa ngano, nusu kilo.
Siagi, kama vile Blue Band, robo kilo.
Sukari, robo kilo. Toa vijiko 3 vikubwa, uviweke kando kwa kunyunyizia juu.
Mayai ya kuku wa kienyeji 2, au yai 1 kubwa la kuku wa kisasa.
Baking pauda, kijiko 1 kidogo. Kumbuka kwamba baking pauda si hamira, wala si magadi.
Chumvi, ncha ya kijiko.
Iliki punje 5 zilizotwangwa, au ganda la limau lililoparuzwa. Visipokuwapo, si kitu.

Kiasi hiki hutoa biskuti kama 48, za upana wa mdomo wa glasi ndogo.

Asiye na mayai atumie maziwa vijiko 4 au 5 vikubwa. Atakaye kupunguza gharama aweza kuondoa robo ya unga wa ngano na kuweka mahali pake unga laini wa sembe uliochekechwa. Biskuti zitavunjika kwa urahisi zaidi, lakini zitakuwa tamu. Wenye mchele, kwa mfano wanaoletewa na ndugu kutoka Kyela, wanaweza kuloweka kidogo, kuukausha, kuutwanga na kuuchekecha, kisha wakauchanganya vivyo hivyo. Korosho za Tunduru au karanga zilizokaangwa na kupondwa hupendeza sana zikitiwa ndani. Lakini karanga zenye ukungu, zilizokunjamana au zenye ladha chungu zitupwe mbali, maana zina sumu inayodhuru ini. Wala usiwape kuku.

Vyombo ni hivi: bakuli kubwa, mwiko, chekecheo, chupa safi isiyo na karatasi au kifimbo cha chapati, glasi ndogo ya kukatia, kisu, sahani 2 za bati zisizo na rangi, sufuria kubwa nene yenye mfuniko wa chuma au aluminiamu nzito, na mchanga mkavu uliochekechwa.

3. KUGAWA KAZI KWA UMRI

Watoto wengi wakiitwa pamoja bila mpango, wawili watafanya kazi na watatu watagombana. Basi mgawie kila mmoja kazi yake kabla ya kufungua paketi ya unga.

Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anyunyize sukari juu ya biskuti, apange biskuti zilizokatwa juu ya sahani, na ashike kitambaa cha kufutia. Atamwaga kidogo. Mwache amwage.

Mtoto wa miaka 6 hadi 9 achekeche unga, apime kwa kikombe, avunje mayai katika kikombe cha pembeni, na akate kwa glasi. Avunje yai moja moja, ili lililooza lisiharibu mengine.

Mtoto wa miaka 10 hadi 13 asome maagizo kwa sauti, asukume donge kwa chupa, ahesabu dakika na ahesabu biskuti.

Moto ni kazi ya mkubwa. Kijana wa miaka 14 na zaidi aweza kusaidia, mkubwa akiwa karibu. Hakuna mtoto mdogo wa kubeba makaa, hata kama amezoea kuwasha moto wa ugali.

Wavulana nao waitwe. Si vizuri msichana asukume donge na kaka yake angoje kula. Mikono ya mvulana inaweza kuchekecha unga, na siku atakapoishi peke yake Songea au Dar es Salaam atamshukuru aliyemfundisha. Na baba akae hapo. Kama hana kazi nyingine, apasue kuni na kuandaa makaa, maana mvua za Desemba hulowesha kila kitu, na kuni za kuokea hapana budi ziwekwe pakavu siku kadhaa kabla.

Watoto wengi katika vijiji vyetu hulelewa na bibi na babu. Bibi mwenye macho yaliyochoka asiogope kazi hii. Yeye akae kwenye kigoda, mtoto asome, naye atoe amri. Mtoto ana macho, bibi ana akili ya jiko.

4. JINSI YA KUFANYA

Kwanza wote wanawe mikono kwa sabuni, na kucha ndefu zikatwe.

Pili, weka siagi na sukari katika bakuli. Piga kwa mwiko mpaka zichanganyike na kuwa nyeupe kidogo. Kazi hii huchosha mkono, kwa hiyo watoto wapokezane, kila mmoja mapigo 50. Hapo mdogo hujifunza kuhesabu bila kujua kwamba anafundishwa.

Tatu, tia mayai, moja baada ya jingine, ukipiga. Tia iliki au ganda la limau.

Nne, chekecha unga pamoja na baking pauda na chumvi, uumimine kidogo kidogo. Ukishakuwa mgumu kwa mwiko, tumia vidole. Kusanya donge mpaka lishikane, kisha acha. Usilikande kama la chapati. Unga wa ngano una kitu kinachovutika mfano wa mpira, nacho huzidi kadiri unavyokanda. Katika chapati twakitaka, katika biskuti hatukitaki, maana huzifanya ngumu. Siagi kazi yake ni kuzifunika chembe za unga zisishikane sana, na ndiyo sababu biskuti huvunjika kinywani.

Tano, acha donge lipumzike nusu saa mahali pa baridi, limefunikwa. Hapa pana tofauti kati yetu. Walio juu milimani huko Umatengo hawatapata shida, kwa kuwa hewa yao ni ya baridi, hata siagi yao huenda ikawa ngumu na kutaka kuwekwa karibu na jiko kwanza. Lakini walio ufukweni, Liuli, Lundu au Mbamba Bay, joto litayeyusha siagi na donge litalegea. Hao waweke bakuli ndani ya beseni lenye maji ya baridi ya mtungi, nao wafanye kazi asubuhi mapema au jioni. Sisi wa Kitai tuko katikati, basi tutazame hali ya siku hiyo.

Sita, nyunyiza unga kidogo juu ya meza safi. Sukuma donge kwa chupa, unene wa nusu sentimeta, sawasawa kila mahali. Sehemu nyembamba itaungua wakati sehemu nene bado mbichi. Kata kwa mdomo wa glasi. Mabaki yakusanywe, yasukumwe tena, yakatwe tena.

Atakaye nyota, achore nyota juu ya karatasi ngumu, aikate, aiweke juu ya donge na kuizungushia kisu. Waweza pia kukata samaki, mtumbwi, jogoo, au herufi ya kwanza ya jina la mtu atakayepewa. Mtoto anayekata herufi ya jina la bibi yake hawezi kumsahau bibi huyo siku ya kugawa.

Saba, paka sahani ya bati siagi kidogo, panga biskuti zikiachana upana wa kidole, nyunyiza ile sukari iliyowekwa kando. Sasa ziko tayari kuingia motoni.

Jambo moja la kukumbuka: watoto hupenda kulamba donge bichi. Wakatazwe kwa upole. Mayai mabichi na unga mbichi vyaweza kuwa na vijidudu vinavyoleta kuhara na homa. Waambiwe kwamba biskuti ya kwanza itakayotoka ni yao.

5. JIKO LA MCHANGA: MOTO CHINI NA JUU

Biskuti hutaka joto kutoka pande zote. Makaa ya chini peke yake huunguza tumbo la biskuti na kuuacha uso wake mbichi. Ndiyo sababu twapalia.

Weka mchanga mkavu ndani ya sufuria, kina cha vidole viwili. Mchanga huugawanya moto usije ukapiga mahali pamoja, tena huzuia sufuria isitoboke. Weka juu ya mchanga vijiwe vitatu vikavu vya kimo sawa, ili sahani isiuguse. Mawe yasitolewe mtoni, maana jiwe lenye maji ndani huweza kupasuka kwa joto. Funika, weka juu ya makaa, na upalie makaa mengine juu ya mfuniko. Acha kwa dakika 20 ipate moto.

Kabla ya kutia biskuti, punguza makaa ya chini. Ya juu yawe mengi kuliko ya chini, karibu mara mbili. Kisha pima joto kwa njia ya zamani: nyunyiza unga kidogo juu ya sahani tupu, iweke ndani, funika, ngoja dakika 5. Unga ukiwa na rangi ya dhahabu, moto unafaa. Ukiwa mweusi, ondoa makaa. Ukibaki mweupe, ongeza.

Tia sahani ya kwanza. Ngoja dakika 12 bila kufunua, kisha tazama. Kingo zikianza kugeuka rangi ya dhahabu, zimeiva, hata kama katikati ni laini bado, kwa kuwa zitakazana zikipoa. Kwa kawaida ni dakika 15. Ziache juu ya sahani dakika 5 kabla ya kuziondoa, zisivunjike.

Sahani moja huchukua biskuti kama 8. Basi 48 ni mikupuo 6, na kila mkupuo dakika 15, jumla saa moja na nusu. Mtoto wa darasa la tatu aulizwe hesabu hiyo kabla ya kazi kuanza. Sahani moja ikiwa motoni, nyingine ipangwe, hivyo hakuna atakayekaa bure. Makaa ya juu yataisha nguvu baada ya mikupuo miwili au mitatu, kwa hiyo uwe na mengine yanayowaka pembeni.

6. KUWALINDA WATOTO NA MOTO

Sehemu hii isomwe mara mbili. Biskuti iliyoungua hutupwa kwa kuku. Mtoto aliyeungua hubeba alama maisha yake yote.

Chora mstari ardhini kwa kijiti, hatua mbili kutoka jikoni. Ndani ya mstari huo ni wakubwa tu, hata kama mpira umeingia. Khanga na vitenge vinavyoning'inia vifungwe vizuri. Mfuniko wenye makaa uinuliwe kwa koleo au kwa waya imara, na uwekwe mahali palipoandaliwa, si popote.

Mvua ikinyesha, wengi hutaka kuingiza jiko la makaa chumbani na kufunga mlango. Usifanye hivyo kamwe. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo imeua watu wakiwa usingizini. Okea barazani au katika jiko la nje lenye kupitisha hewa. Usioke kwa makaa ya mawe, ingawa malori ya Ngaka hupita na vipande huanguka barabarani. Moshi wake si wa kupikia chakula. Wala usitumie kipande cha bati la kuezekea au debe lenye rangi kama mfuniko, maana zinki na rangi zikipata moto mkali hutoa moshi wenye kudhuru.

Mtoto akiungua, mwagie mahali hapo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Kama hakuna bomba, mimina kwa kata kutoka ndooni bila kuacha. Mvue nguo na ushanga vilivyo karibu, ila kilichogandamana na ngozi usikivute. Usipake dawa ya meno, unga, yai, mafuta wala udongo. Funika kwa kitambaa safi. Kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mtoto, au liko usoni, mikononi, kwenye kiungo, au limetoa malengelenge, mpeleke zahanati bila kuchelewa.

7. MAMBO YAKIHARIBIKA

Biskuti zikitandawaa na kushikana, siagi ilikuwa laini mno au unga ulipungua. Lipumzishe donge lililobaki mahali pa baridi, ongeza kijiko kimoja au viwili vya unga.

Zikiwa ngumu kama kigae, donge lilikandwa mno au zilikaa motoni mno. Zinywewe na chai, au kwa wakubwa na kahawa yetu ya Mbinga. Hazijapotea.

Zikiwa chungu, baking pauda ilizidi au magadi yalitiwa kwa kukosea.

Zikiungua chini na kuwa mbichi juu, ongeza makaa ya mfunikoni na upunguze ya chini.

Zikilainika baada ya siku mbili, unyevu wa mvua umeziingia. Zirudishe katika sufuria ya moto kwa dakika 5, zipoe, uzifunge tena. Biskuti zilizopoa kabisa zikiwekwa katika kopo lenye kifuniko cha kukaza hukaa wiki mbili. Zikifungwa zikiwa na moto, mvuke wake wenyewe huzilainisha. Kwa hiyo yafaa kuoka siku tatu au nne kabla ya sikukuu, ili siku ya mkesha jiko liwe huru kwa wali na kuku.

Na mtoto akiharibu kitu, je? Wakubwa hupata jaribu hapo. Atamwaga unga, atavunja yai sakafuni, atakata nyota yenye miguu minne. Ukimgombeza kwa ukali, amejifunza kwamba jikoni ni mahali pa hofu, na mwaka ujao hataingia. Ukimpa ufagio afagie unga wake mwenyewe, kisha umrudishe kazini, amejifunza kwamba kosa hutengenezwa. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Malezi hayafanyiki kwa hotuba za jioni tu. Hufanyika yai linapoanguka.

8. KUHESABU NA KUGAWA

Biskuti zikishapoa, zimiminwe zote juu ya meza moja mbele ya watoto. Wahesabu wenyewe. Tuseme ni 48. Swali la kwanza lisiwe “Kila mmoja atapata ngapi?” bali “Nani hana?”

Watoto wanajua mengi kuliko tunavyofikiri. Wanajua ni nyumba ipi imefiwa mwaka huu, ni mzee gani anakaa peke yake, ni mwenzao yupi wa shule ambaye mama yake yuko hospitali. Waache wataje. Kisha wagawe: labda 12 kwa mzee wa jirani, 12 kwa nyumba yenye msiba, 4 kwa jirani Mwislamu aliyeleta sahani siku ya Idi, na 20 zibaki nyumbani. Hesabu na iandikwe kwa mkaa au chaki, wote waione, wala mkubwa asiibadilishe kwa siri usiku.

Kupeleka ni kazi ya watoto wenyewe, si ya mama. Waende wawili wawili, sahani imefunikwa kwa kitambaa safi. Wafundishwe kubisha hodi, kuamkia “Shikamoo”, kusema biskuti zimetoka kwa nani, na kutongoja kurudishiwa kitu. Mzee aliyepewa biskuti yenye herufi ya jina lake huenda akamwita mtoto akae, akamsimulia Krismasi za zamani. Hapo mtoto atapata zawadi isiyouzwa dukani.

Tunasoma katika Injili kwamba wachungaji, baada ya kumwona Mtoto, hawakukaa na habari yao. Walikwenda kuwaeleza wengine. Mtoto wetu hawezi kuhubiri, wala hatumtazamii. Lakini aweza kubeba sahani kutoka mlango huu hadi mlango ule, na kujua kwamba kilichomo amekitengeneza mwenyewe.

Tena tufikiri na upande wa mzazi. Saa tatu za kuoka ni saa tatu ambazo mtoto anakuona, anakusikia, anakuuliza maswali. Wapo watoto ambao mwaka mzima husikia kwetu amri tu: leta maji, funga mbuzi, lala. Wakiwa na unga mikononi husema mambo ambayo hawasemi wakati mwingine, kuhusu shule, kuhusu rafiki, hata kuhusu jambo linalowatisha. Mkubwa awe na masikio siku hiyo. Biskuti kumi zikiungua kwa sababu ulikuwa unamsikiliza mtoto, hukupata hasara.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, ni kazi gani za sikukuu ambazo mtoto hufukuzwa, naye angeweza kuzifanya?
2. Kwa nini donge la biskuti halikandwi kama la chapati?
3. Mvua inanyesha na jiko la nje linavuja. Tutaoka wapi bila kuhatarisha watu?
4. Mtoto ameungua kidole. Taja mambo mawili ya kufanya na mawili ya kutofanya.
5. Nusu kilo ya unga hutoa biskuti 48. Kilo moja na nusu itatoa ngapi? Sahani ikichukua 8, ni mikupuo mingapi?
6. Andikeni majina ya nyumba mbili mtakazopelekea mwaka huu. Nani atabeba sahani?

Akina mama wa kanisa na walimu wa Shule ya Jumapili wanaweza kulifanya somo hili pamoja Jumamosi moja ya Majilio, kila nyumba ikileta kikombe cha unga na watoto wake. Sufuria mbili zikiwekwa sambamba, kazi itakwisha kwa nusu ya muda. Wakubwa wawili wakae kwenye moto wakati wote, bila kuondoka hata kidogo, na wengine wakae mezani na watoto.

Heri ya Krismasi kwenu nyote, na kwa wadogo watakaobeba sahani.